Swali la Mzazi wa Noela

Ukiingia Kiwalani kwa upande wa uwanja wa ndege, ukapita gereji mbili na saluni iliyopakwa rangi ya zambarau, utaliona benchi refu mbele ya duka la Nasser. Hilo ndilo letu. Wenye wivu wanasema wanakaa hapo watu wasio na kazi, nami fundi viatu nisiyeinua kichwa tangu asubuhi nawasikia tu. Jumamosi ile nilikuwa nashona viatu vyeusi vya Noela, binti wa Polikarpo mchonga vinyago, kwa sababu barua ya mwaliko ilisema kila mgeni avae viatu vya kufunika vidole. Mgeni wa wapi? Wa mtambo wa umeme wa nyuklia, huko Afrika Kusini! Dar nzima wamechaguliwa wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha tatu kwenda kujifunza, na mmoja katoka kwetu. Narudia, kwetu. Pasi ya kusafiria alishapata, sindano ya homa ya manjano alishachomwa. Ilibaki fomu moja, na kwenye fomu ulibaki mstari mmoja mtupu: "Mzazi aandike swali moja ambalo angependa mwanawe awaulize wataalamu wa mtambo." Fomu yenye pengo haipokelewi, nafasi anapewa mwanafunzi wa akiba. Mwalimu Adelina alikuwa anafunga orodha saa sita mchana. Saa nne na nusu Polikarpo, aliyeishia darasa la nne kule Newala, akaja benchini na fomu yake ndani ya mfuko wa nailoni.

Polikarpo: Ndugu zangu, nisaidieni. Swali moja tu. Lisije likamwaibisha mtoto.

Nasser alitoka dukani na birika la kahawa kabla hajaitwa. Tunamwita Chanzo, maana kila habari yake ina chanzo ambacho hajawahi kukitaja.

Chanzo: Umefika penyewe. Kaa, unywe kahawa, swali litakuja lenyewe.

Injinia: Hapana, hii ishu ya umeme. Nyie wote nyamazeni.

Huyu ni Fredrick. Anafunga nyaya za majumbani, na hilo jina la Injinia kajipa mwenyewe.

Injinia: Andika hivi, Polikarpo. Nyuklia ni moto usiotaka kuni. Unachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, mashine inatoa umeme. Basi.

Polikarpo: Sasa swali liko wapi hapo?

Injinia: Hakuna swali. Hiyo ni ya kuwaonyesha kwamba Kiwalani tunajua.

Afande: Hamjui kitu. Pale jambo la kwanza si umeme. Ni geti.

Afande ni Mzee Godlisten, mstaafu wa magereza. Amesimama kwenye geti la Ukonga miaka thelathini, na dunia yote anaitazama kwa macho ya mlinda geti.

Afande: Mtambo kama ule hauna geti moja. Una saba. Ukifika la tatu, wanakupima.

Mimi: Wanakupima nini, Afande?

Afande: Nia.

Chanzo: Kweli kabisa. Na simu hawakuachii. Chanzo changu kinasema ule mtambo ukipigwa picha unapungua nguvu.

Injinia: Acha hizo, braza! Simu wanakataza kwa sababu ukiingia nayo inajaa chaji yenyewe, haiishi tena mpaka unakufa wewe. Sasa watu wote wakiingia na simu, umeme watamuuzia nani?

Afande: Ndiyo maana wanakukaguaga zaidi wakati wa kutoka kuliko wa kuingia.

Ndege ikapita juu yetu. Kiwalani ndege ikipita mtu anaachia neno katikati, anangoja, halafu anaendelea palepale. Siku ile hakuna aliyeendelea, tuliitazama mpaka ikaingia mawinguni.

Polikarpo: Atapanda kama hiyo?

Mimi: Kubwa kuliko hiyo.

Sikujua lolote kuhusu ndege atakayopanda. Lakini nilijisikia vizuri kulisema, na Polikarpo alijisikia vizuri kulisikia.

Polikarpo: Basi jamani, swali. Saa tano hiyo.

Chanzo: Andika, "Mtaanza lini kujenga wa kwetu?" Sehemu ya kuuweka ninayo. Kimbiji. Bahari ipo, nafasi ipo.

Mimi: Barabara ya Kimbiji unaijua lakini? Mashine yenyewe itafika vipande vipande.

Chanzo: Noela ataanza na barabara. Si ndiye atakuwa mkuu wa mtambo?

Afande: Na getini nitakaa mie. Hapo hatuna mjadala.

Injinia: Nyaya zangu. Tena siku ya kuwasha, Noela anabonyeza, Dar nzima inawaka, mpaka taa zilizokufa tangu mwaka juzi zinafufuka.

Chanzo: Taa tu? Friji za watu zitaganda mpaka mlango haufunguki. Samaki wa Kimbiji wataanza kung'aa, mvuvi anavua bila taa.

Wakagawana vyeo vya mtambo ambao haupo, na mimi, nisifiche, nilijiombea ufundi wa viatu vya wafanyakazi wote. Tulikuwa na raha kwelikweli. Siku hizi mtoto wa jirani akifaulu, mtaa mzima unatembea kifua mbele. Lakini kalamu ya Polikarpo ilikuwa bado hewani, na mstari bado mtupu.

Polikarpo: Saa tano na nusu. Jamani, labda niandike tu kwamba sina swali.

Injinia: Weee! Unataka wajue Kiwalani hatuna swali?

Afande: Na nafasi apewe wa akiba? Hilo sitaki hata kulisikia.

Wakaanza upya, kila mmoja kwa sauti ya juu kuliko mwenzake. Polikarpo aliitazama ile karatasi, jasho likimtoka. Mtu anayeweza kuchonga ukoo mzima kwenye kipande cha mpingo alikuwa ameshindwa na mstari mmoja, na nilimwonea huruma kwa sababu tulikuwa tumemzidishia mzigo.

Hapo ndipo Noela alipotokea, anahema.

Noela: Shikamooni.

Wote: Marahaba, mama!

Noela: Baba, Madam anafunga. Fomu iko tayari?

Chanzo: Tunaiandaa, mwanangu. Tunataka swali zito.

Akaelezwa yote, geti la tatu, chaji isiyoisha, samaki wanaong'aa. Alisikiliza kwa heshima, kiganja mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kisha akachuchumaa mbele ya baba yake.

Noela: Baba, kwani wewe mwenyewe unataka kujua nini?

Injinia akaangalia kikombe chake. Chanzo hakuwa na chanzo. Saa nzima tulikuwa tumempa Polikarpo majibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza hilo.

Polikarpo: Mie si msomi, mwanangu.

Noela: Hawajaandika msomi. Wameandika mzazi.

Polikarpo akakunja midomo, akaitazama mikono yake, akakohoa.

Polikarpo: Basi waulize hivi. Wale wanaofanya kazi mle ndani, baba wa mtu akisafiri kwenda kumwona mwanawe kazini, wanamruhusu aingie, au anangoja nje?

Noela: Kwa nini unataka kujua hilo, baba?

Polikarpo: Nijue mapema. Siku utakayoanza kazi kule, mie nitakuja.

Noela aliinamisha uso juu ya karatasi muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji. Aliliandika neno kwa neno kama lilivyotoka, Polikarpo akatia sahihi polepole, herufi moja moja, na ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Binti akakimbia. Baba yake alibaki amesimama katikati ya njia, bodaboda zikimpigia honi, naye hasogei mpaka amwone amekata kona ya shule.