Ferista Nzunda na Viini Vilivyopinda Motoni

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Tunduma mpakani, mlioko Vwawa, mlioko huko milimani Ileje, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Nanyala. Aliitwa Ferista Nzunda. Alifariki dunia Jumanne wiki hii, nyumbani kwa mama yake, akiwa na miaka hamsini na sita.

Wengi mlimjua kama mwalimu wa fizikia. Lakini kabla ya kushika chaki, Ferista alifanya kazi miaka kumi na nane ng'ambo, kwenye kiwanda cha kusubu, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka, ili kupata mapanga ya injini za ndege. Si panga la kufyekea shamba la kahawa, la hasha. Ni kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja, kinachozungushwa na moto mkali ndani ya injini.

Alizaliwa Nanyala. Baba yake, mzee Nathanaeli, alichoma matofali. Mama yake, Tabita, alilima kahawa. Mama Tabita anasema mtoto huyu alikuwa msumbufu wa maswali. Tanuri likifunguliwa, alikuwa anaingia humo, masizi mwili mzima, kuuliza kwa nini tofali hili limepinda na jirani yake limenyooka. "Baba yake alimwambia, wewe beba matofali. Akabeba, huku anauliza."

Akasoma Mbozi Mission, akafaulu, akaenda Dar es Salaam, kisha akapata nafasi ya masomo ng'ambo. Huko ndiko alikokutana na viini vya kauri.

Ni nini hicho? Twende taratibu. Moto wa ndani ya injini ya ndege ni mkali kiasi kwamba ungeweza kuliyeyusha panga lenyewe. Kwa hiyo panga hutengenezwa likiwa na vijia ndani, hewa ya baridi ipite na kulipoza. Ili vijia vipatikane, kiini chembamba cha kauri, yaani udongo mgumu uliochomwa, huwekwa ndani ya kalibu, chombo kinacholipa panga umbo lake, na chuma kilichoyeyuka humiminwa kukizunguka. Chuma kikiganda, kiini huyeyushwa kwa dawa kali ya magadi. Panabaki uwazi.

Kazi ya kiini ni moja tu: kusimama wima ndani ya chuma chenye nyuzi joto elfu moja na mia tano. Kikipinda kidogo tu, ukuta wa panga unakuwa mnene huku na mwembamba kule. Na ukuta mwembamba unaweza kutoboka ndege ikiwa angani.

Siku moja alipokuja likizo, mama yake aliomba kuona alichotengeneza. Ferista akamweleza kwamba hakipo, kimeyeyushwa.

"Miaka yote hiyo unatengeneza kitu kikayeyushwe?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanakulipa?"

Mama Tabita alipotusimulia hilo, alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kitenge.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Viini vile hutengenezwa kwa unga wa silika, madini yaliyomo kwenye mchanga mweupe. Ferista, wakati huo mkuu wa kitengo, alipendekeza unga safi zaidi kuliko wa zamani. Wakaujaribu kwenye mapanga madogo. Viini vikasimama. Akapongezwa. Wakaanza kusubu mapanga makubwa.

Ijumaa moja akakata panga moja kubwa ili alitazame ndani. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa mwembamba kama ukucha. Kiini kilikuwa kimelegea na kuinama.

Akaketi, akafikiri. Mapanga madogo hupoa upesi. Makubwa hukaa motoni saa kadhaa. Silika ikikaa motoni, ndani yake huota vichembe vigumu vinavyoishikilia isilegee. Ule uchafu kidogo wa unga wa zamani ndio uliosaidia vichembe kuota mapema. Unga safi ulichelewa, na kabla vichembe havijaota, kiini kilishapinda. Unga ule aliuchagua yeye. Na mapanga mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yameshafungwa, yanasafirishwa Jumatatu.

Jumapili akampigia simu mdogo wake, Aliko, wakala wa forodha pale Tunduma. Aliko anaikumbuka simu hiyo neno kwa neno.

"Aliko, ukigundua umepitisha mzigo kwa makosa, unafanyaje?"

"Dada, namkimbilia dereva kabla hajavuka. Akishaingia Nakonde, upande wa Zambia, si wangu tena."

"Na bosi wako?"

"Atafoka. Kwani kuna nini, dada?"

"Nimekosea kazini. Kesho watanivua cheo."

"Basi rudi nyumbani."

"Nitarudi. Ila si kesho."

Jumatatu asubuhi akasimama mbele ya mkuu wake, akaomba mapanga yote yazuiwe. Akaulizwa kama ana uhakika. Akajibu, "Nina panga moja tu la kuonyesha. Lakini unga niliuchagua mimi." Yakazuiwa. Wakakata arobaini. Kumi na moja yalikuwa na ukuta mwembamba.

Cheo akavuliwa kweli. Miaka miwili akakaa zamu ya tanuri, akiandika joto kwenye daftari. Alimwambia Aliko kwamba miezi ya kwanza alikula peke yake, kwa aibu. Lakini kwenye daftari hilo ndimo alimopata jibu: kuchanganya kwenye unga safi vichembe vichache vilivyokwisha kuota, kama hamira kwenye unga wa maandazi. Vikizidi, kiini hupasuka kikipoa. Vikipungua, hulegea. Alipata kipimo, na viini vikasimama.

Kisha akarudi nyumbani, kama alivyoahidi. Akafundisha miaka minane, hadi figo zilipomshinda.

Tumpale, aliyesoma kwake na sasa ni muuguzi, anasema kila mwaka somo la kwanza lilikuwa lile lile. Mwalimu Ferista aliandika ubaoni, kumi na moja katika arobaini. Halafu alisema, "Haya ni makosa yangu. Tuanzie hapo."

Tunampa pole mama Tabita, aliyemzika mume na sasa anamzika binti. Pole Aliko, na ukoo wote wa Nzunda. Mazishi ni kesho saa nane mchana, Nanyala. Mungu ampumzishe kwa amani.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Jioni hii watoto watatoka shule, na tumezoea kuwauliza wamepata ngapi. Leo tuwaulize wamekosea wapi. Kisha tunyamaze, tuwasikilize mpaka wamalize.