Mama Glikosidi na Unga Uliotandazwa Mikekani

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Bi Vestine Mukamana, afisa lishe wa kituo chetu cha afya hapa Mbugangari, anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Alikuja na diploma mpya na koti jeupe lililomzidi mabega. Somo lake la kwanza kwa akina mama lilihusu glikosidi, na hakuna aliyeelewa. Kilichobaki ni jina. Mpaka leo waendesha moto, pikipiki za abiria za mjini, wanamjua kama Mama Glikosidi. Baadaye alijifunza kusema kwa wepesi: katika muhogo mchungu, sukari imeishika sumu mkono. Ukiuponda au kuulowesha, vinaachiana, na sumu huondoka na maji na hewa. Ndiyo maana sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, ilichemka bila kifuniko, hata makaa yawe ghali namna gani. Akina mama walimtania kwamba mumewe, mzee Karangwa, hali chakula mpaka upepo wote wa Ziwa Kivu upite juu ya sufuria. Lakini hakupenda glikosidi zote ziitwe adui. Baadhi yazo, alisema, ndizo zinazokipa kitunguu chekundu rangi yake.

Kisha ukaja mwaka wa korona, na mpaka wa nchi ukafungwa. Nyirabagenzi, mjane muuza unga, alipata magunia ya muhogo mchungu, na kwa kuwa wateja walimsubiri, akaulowesha usiku mmoja badala ya siku nne, akausaga. Mjukuu wake, Alliance, alikula unga huo, akaletwa kwetu akitapika, hawezi kusimama. Daktari alimwokoa. Mkuu wa kituo akataka unga wote uchomwe, nao ulikuwa mtaji wote wa bibi huyo.

"Mukichoma hii unga, Mama Vestine, batoto yangu batakula nini?" aliuliza Nyirabagenzi, bila kulia.

"Tupatie siku moja," Vestine alimwambia mkuu. "Mama, leta mikeka."

Katika semina moja alikuwa amefundishwa njia ya kuokoa unga wa namna hiyo. Waliuchanganya na maji, wakautandaza tabaka jembamba juu ya mikeka, kivulini uani, wakauacha kwa muda wa saa tano. Vestine akaupima kwa karatasi za kupimia sumu alizopewa huko, akaonyesha rangi ilivyofifia. Bugari, ugali wa unga huo, ilipoiva, tonge la kwanza alikula yeye. Mkuu naye akanawa mikono, akamega lake.

Hakuna gunia lililochomwa. Nyirabagenzi alikatazwa kuuza unga huo ukiwa mkavu, naye akakubali. Kila asubuhi alitandaza, na kila mchana majirani walikuja na mabakuli kuchukua unga wa kupika siku hiyohiyo, mpaka magunia yakaisha. Wengi wetu tuliofanya kazi wakati ule tukikumbuka korona, hatukumbuki barakoa kwanza. Tunakumbuka ua ule uliojaa mikeka myeupe kwa unga, na Vestine amechuchumaa katikati, anafukuza kuku.

Nyirabagenzi bado anauza unga, na siku hizi muhogo wake hulowa siku zote nne. Alliance yuko darasa la sita. Mwezi uliopita alishinda mbio za shule, na Vestine alikuwa pale kwenye utepe wa kumalizia, akishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Asante, Mama Vestine, kwa kutulisha bila kutuogopesha. Mungu akupe miaka mirefu, afya, na jioni nyingi za utulivu kando ya ziwa na mzee Karangwa.