Jina Nililomnyima Mama

Bwana asifiwe! Walio karibu na mlango sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Lakini msinipigie makofi mapema, maana mwanzo wa ushuhuda huu mimi si mtu wa kupigiwa makofi.

Ndugu zangu, mnanijua kama Mama Shiru, yule wa mapokezi kwenye ofisi moja Hurlingham, hapa Nairobi. Mama yangu, Nyokabi, wengi wenu mlimwita Sista. Alikuwa muuguzi na mkunga kliniki ya Kangemi mpaka alipostaafu, akarudi kwao Mutuini kufuga kuku. Watoto wa Kangemi walitua mikononi mwake kwanza. Kila mtu alimpenda. Mimi nilimchukia! Nasema wazi, kwa sababu shetani hupenda mambo ya kufichwa.

Nilimchukia tangu siku ya harusi yangu. Nguo yake imeshonwa, kilemba kimefungwa, halafu asubuhi anaitwa: kuna mama anajifungua, na hali ni mbaya. Akaenda! Nilitembea kwenda madhabahuni nikitazama kiti kitupu. Aliingia tukitia sahihi cheti, amevaa gwanda jeupe juu ya nguo ya harusi, jasho linamtoka. Nikamwambia mbele ya wakwe, "Mama wa wote si mama wa mtu."

Sasa, mila yetu Wakikuyu mnaijua. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Wa kwanza nilimwita Wanjiru, ndiye huyu Shiru, sawasawa kabisa. Wa pili alipozaliwa, mama alikuja hospitalini na chupa ya uji wa wimbi, amevaa vizuri, maana siku hiyo ilikuwa yake. Nikamwambia mtoto anaitwa Krystal. Jina nililolisoma kwenye kibao cha saluni! Mama akaiweka chupa mezani. Kisha akauliza, "Maziwa imeanza kutoka?"

Nilidhani nimeshinda. Miaka mitatu sikupeleka watoto Mutuini. Lakini uchungu, ndugu zangu, haukai pale ulipouweka. Niligombana na mume wangu, na majirani, hata na wageni waliokuja ofisini kuuliza choo kiko wapi. Na bado Jumapili nilikuwa hapa mbele kwenye kwaya, naimba sauti ya kwanza, roho imeoza!

Jumamosi moja nilikuwa soko la Kangemi na Krystal, tunanunua minji, njegere zile za kuambua. Mtoto akachota zile zilizoambuliwa, akatia mdomoni, akacheka, akapaliwa. Hakulia. Hakukohoa. Midomo ikageuka rangi. Mimi, binti wa muuguzi, nilisimama pale nikipiga nduru tu!

Yule mama muuza minji akamwaga sinia, akaketi, akaniambia, "Leta huyo mtoto!" Akamlaza kifudifudi mapajani, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Ya nne, punje ikaruka na mtoto akalia. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama kile kilio!

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Si ni Sista Nyokabi, kliniki! Alitufunza sisi wote. Hata huyu wangu nilimpatia jina yake." Akanionyesha msichana mrefu aliyekuwa anaokota minji. "Huyu alitaka kuniua, akizaliwa. Na Sista alikuwa na harusi ya msichana wake hiyo siku, lakini hakuniwacha."

Ndugu zangu! Kile kiti kitupu! Miaka yote nilikililia, kumbe kilipobaki kitupu Mungu alikuwa anamweka mtu sokoni, amngoje mtoto wangu!

Sikupitia nyumbani. Tulifika Mutuini mama akiwalisha kuku. Nikapiga magoti palepale, kwenye mavi ya kuku, na kiatu cha ofisi. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nimekuletea Nyokabi wako."

Akaniinua. Akasema, "Siku ya harusi wewe ulikuwa na watu kanisa nzima. Yule wa kujifungua alikuwa na mimi tu." Ndipo akalia, mama yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia. Na uchungu ukanitoka siku hiyo, ukatoka wote, haujarudi! Haleluya!

Krystal alikuwa na maoni yake. "Mimi si Nyokabi, mimi ni Krystal." Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwache. Jina ni yake, ataichukua akitaka."

Bwana alitupa miaka miwili mizuri. Kila Jumamosi tulikuwa Mutuini, na nyanya akawa nyanya kweli. Mwaka huu alipumzika. Siku ya mazishi mchungaji akaomba wanaobeba jina la Sista wasimame. Wakasimama Nyokabi wa Kiluhya, Nyokabi wa Kijaluo, Nyokabi wa Kikamba, na yule msichana wa sokoni, mrefu kuliko wote. Nikahisi mkono mdogo unachomoka mkononi mwangu. Krystal alikuwa amepanda juu ya kiti.

"Hata mimi!" akapaza sauti. "Mimi ni Nyokabi!"

Ndugu yangu, kama kuna mtu unamnyima kilicho chake, mpelekee leo, angali na masikio ya kusikia. Yesu aliyenifungua mimi kwenye mavi ya kuku hatachagua mahali pa kukufungulia wewe.

Sasa pigeni makofi!