Hofu ya Tharsisi wa Makere

Wasikilizaji wapendwa, mpo? Sogeeni karibu na redio. Mimi babu yenu Kipriani leo namkumbuka Tharsisi wa Makere, jirani yangu, tuliyemzika Jumanne.

Tharsisi alihamia kwetu Makere, Kasulu, mwaka sabini na mbili, ametokea Burundi na mke na watoto. Huko alikuwa amefungwa jela. Kosa? Hana. Narudia, alifungwa bila kosa. Hayo alinieleza mimi tukinywa pombe ya ndizi. Nyumbani kwake, kimya. Ila nyumba yake haikuwa na mlango. Tundu tu! Mbuzi wangu wanaingia mpaka jikoni. Namwambia, "Weka mbao, bwana." Ananicheka: "Mbuzi wako kaja kunisalimia, wewe mwenyewe husalimii."

Eeh, tuendelee. Miaka ya tisini binti yake, Epifania, aliyezaliwa hapa hapa kwetu, aliolewa Kibondo, kule Kumsenga. Desturi yetu mnaijua: bibi harusi anakaa ndani, haonekani, mpaka atolewe kwa sherehe. Mama mkwe wake, Theodosia, akamfungia mlango kwa heshima zote. Binti akapiga yowe, akauvunja ule mlango, akakimbilia kwenye mihogo na nguo zake za harusi.

Wakwe wakasema, kichaa huyu. Arudishwe kwao!

Tharsisi akaenda. Epifania mwenyewe alinisimulia. Baba yake alisimama mbele ya wakwe, akasema: "Mtoto huyu hana kichaa. Mimi ndiye niliyefungwa. Tulijazana chumba kimoja mpaka wenzangu wakafa wamesimama. Hofu ni yangu. Yeye kaikuta nyumbani, na mimi sikumwambia inatoka wapi."

Binti akauliza, "Baba, kumbe si mimi?"

"Si wewe, mwanangu."

Theodosia akasema, "Ungesema mapema, mkwe wangu, mlango wangu ungepona!" Watu wakacheka, na machozi yanawatoka. Akachukua ungo wake wa maharage, akakaa pale mlangoni, pakiwa wazi, siku zote za bibi harusi kukaa ndani. Mwenye kuchungulia apite juu yake! Epifania hakurudishwa. Hakurudishwa, wapendwa.

Epifania, mwanangu, na mama yako, poleni sana. Mungu awashike mkono.

Na ninyi mnaonisikiliza: kama kwako kuna mtoto anaogopa na hajui anaogopa nini, usimwite kichaa. Mwulize baba yake. Mwulize leo, angali anaweza kujibu.