Jina Nililolitaja Mbele ya Filamu

Sogeeni, wanangu. Harub, tia komeo mlangoni. Mahfoudha, binti yangu, ninyanyue kichwa kidogo. Na wewe Ghanim, mkwe wangu, kaa nikuone, maana nnalotaka kusema ni lako kuliko la hawa niliowazaa, na nnakuomba usinyanyuke mpaka nimalize.

Mnajua ujanani nlifanya kazi ya picha Unguja. Mzungu mmoja alikuja na kamera ya kuzungusha kwa mkono, apige sherehe ya Mfalme, gwaride na bendera na wakubwa wakipanda ngazi za kasri, akashikwa na homa, basi nikazungusha mimi. Filamu ile haina sauti. Matarumbeta yanapulizwa, husikii kitu. Aliniachia nakala moja, nami kila Iddi nikiwaonyesha jamaa ukutani, na Marhoon, baba yako wewe Ghanim, akijicheka alivyokuwa kijana, kasimama na upanga nyuma ya kiti cha Mfalme.

Yalipotokea Mapinduzi, wenye bunduki wakanichukua na filamu yangu mpaka skuli moja, wakaziba madirisha kwa mablanketi mchana kweupe. Kila uso ukitokea, mkubwa wao anasema, "Simamisha. Nani huyu?" Nikamwambia filamu ikisimama mbele ya taa inaungua. Akasema, "Basi taja upesi." Wengi nlisema wamekufa, na kweli walikwisha kufa. Akatokea Marhoon. Nikasema simjui.

"Mzee," akanambia, "huyu anakucheka wewe uliyeshika kamera. Humjui vipi?"

Na kweli, wanangu, alikuwa akinicheka mimi. Nikalitaja jina lake, na mtaa wake.

Jioni ile ile wakamchukua, hakurudi. Aliya, mama yako, alinijia analia, nikamwambia sijui nani kamsema. Tukaja wote Maskati, nikakuoza Mahfoudha, ukadhani ni wema wangu. Ulikuwa woga, Ghanim, ingawa nlikupenda baadaye.

Sasa sikilizeni. Juzi mlipokuwa sokoni Mutrah, kaja mtu hapa kwetu Darsait, kanzu safi, kanywa kahawa, akauliza habari za filamu. Anataka kujua nani alisimama karibu na nani. Nikamwuliza, "Ya nini, bwana?" Akasema, "Kumbukumbu tu." Lakini alikuwa na daftari, na majina ya watu wa mtaa huu yalikwisha andikwa humo. Nliyaona. Atarudi kesho.

Filamu imo kwenye mkebe wa biskuti, chini ya kitanda hiki. Ghanim, kata kipande cha baba yako, mpelekee mama yako, umwambie nlilofanya, usinipunguzie. Iliyobaki, Harub, ichome leo hii kule majabalini, mbali na watoto, maana moto wake hauzimwi kwa maji. Mtu yule akija, filamu imeungua. Akitaja jina, hamlijui. Hata liwe la mtu aliyewadhulumu, hamlijui. Nyumba igaweni kwa sheria, sina la kuongeza hapo.

Mbona umesimama, Ghanim? ... Haya. Simama. Sikuombi msamaha leo, umechelewa mno, na mimi ndiye niliyeuchelewesha.

Mahfoudha, nigeuze kibla ... polepole, mwanangu, ubavu huu ... Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe kwanza, Ghanim, kisha hawa. Awape ulimi mzito ... mkiulizwa ... awape ...