Mashine Tuliyoishikisha Sabato

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, Mama Eucabeth uliyetoka Homa Bay asubuhi hii, wanakamati wenzangu mlioketi nyuma ilhali viti vya mbele viko wazi, na ninyi wafugaji mnaotuweka mjini: nawaamkua.

Mimi Maranga niliacha shule darasa la sita, na nadhani mwalimu alifurahi kuliko mimi. Kwa hiyo kazi ambayo binti yetu Edinah amekifanyia hiki chama chetu cha maziwa nitaieleza nilivyoielewa. Programu yetu, ile ya kupokea maziwa na kulinda tangi la baridi, kila inapofanya jambo hujiandikia. Maandishi hayo huitwa logi. Zamani yalirundikana tu, hakuna wa kuyasoma. Edinah akaweka programu huria za kuyakusanya, kuyachambua na kuyachunga, ili tangi likipata joto simu ya mwenyekiti ilie. Hazilipiwi, na yeyote anaruhusiwa kuzifungua aone zilivyoandikwa ndani. Mzee Okari, mwanakamati mwenzangu, alituonya kwamba kitu cha bure kina mtego. Okari huyu, ndugu zangu, hajawahi kulipia chai ya mkutano.

Mwenyekiti ndiye mimi. Sabato moja simu ikalia kanisani, Mchungaji akituombea uvumilivu. Mlicheka, niliwaona. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba mashine nayo ishike Sabato. Tukamwagiza mlinzi wetu, Elkana, awe anachomoa kisanduku kinachokusanya logi na kupiga simu Ijumaa jioni na kukirudisha Jumamosi jua likizama. Je, tulimwambia Edinah? Hatukumwambia. Angetuuliza sababu, nasi hatukuwa na jibu la watu wazima.

Mwezi uliopita stima ikapotea Jumamosi. Jenereta ilikuwapo, lakini simu haikulia, kwa hiyo hakuna aliyeiwasha, na maziwa yenu yakachacha yote. Kutafuta logi za siku hiyo, tukakuta pengo. Okari akasema msichana amezifuta ili kuficha uzembe wake. Na sisi tuliojua, tulifanya nini? Tulitazama dari. Edinah akatuonyesha kwamba kila Jumamosi ina pengo kama hilo, kisha akauliza kwa upole, "Wazee wangu, mashine hii imebatizwa lini?" Nilitaka kucheka, nikakohoa. Tukamwacha abebe lawama, na lawama ikamtangulia hadi Homa Bay.

Mama Eucabeth, ulinipigia simu kuuliza kama unaweza kumkabidhi mitambo ya baridi ya chama chenu cha wavuvi. Nilikujibu nini? Nilisema mtandao ni mbaya, sikusikii. Mama, nilikusikia vizuri sana. Sasa umelazimika kusafiri mpaka huku kutafuta jibu ambalo ningekupa nikiwa nimeketi kwangu, na tangu uingie hapa sijaweza kukutazama usoni.

Jibu ni hili, na nalitoa mbele ya watu waliomwaga maziwa yao: Edinah hakufuta kitu. Sisi kamati ndio tuliozima mashine, kisha tukamsingizia. Mchukue. Atakuamsha kabla samaki hawajaoza. Ila wewe usimfiche jambo, kama tulivyofanya sisi wenye mvi.

Edinah, mwanangu, sherehe hii ya kukuaga tuliipanga tukidhani keki itatosha. Haitoshi. Sina uso wa kukuomba ubaki, na hata msamaha nakuomba nikitazama viatu vyangu, unaona mwenyewe.

Wenzangu mlioinua mikono pamoja nami siku ile ya kuamua mashine ishike Sabato, simameni muonekane. Okari, magoti yako hayakuuma wakati wa kupanga foleni ya pilau, simama. Elkana, wewe keti, ulitumwa tu.

Nawashukuru wote kwa kunisikiliza. Nasi tutakaa chini Edinah akituruhusu.