Tarehe Kumi Imeangukia Jumapili

Mbele ya karakana ya tairi ya Evaristo, kusini mwa El Paso, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi dogo bovu. Hapo ndipo kahawa ya chupa hunywewa kila Jumamosi. Hapo ndipo Hilario, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani mara moja kuwa shahidi, hubishana na Gurgen, dereva wa lori kutoka Armenia, ambaye gari lilimfia mtaani hapo zamani na hajaondoka mpaka leo. Jumamosi hiyo Evaristo alikuwa akiziba pancha ya dada mmoja mgeni, aliyekaa pembeni na mtoto mapajani, lakini akili yake haikuwa kwenye tairi.

—Nimekwisha, jamani, alisema. Kesho nimekwisha.

—Umekwishaje, na kesho ni siku ya kula? aliuliza Wakili.

—Shida ni huko kula kwenyewe! Mama yangu yuko Juárez, Mexico, ng'ambo ya daraja, na kule Siku ya Mama ni tarehe kumi Mei, iwe Jumatatu, iwe mvua ya mawe. Huku Marekani, kwa ukoo wa mke wangu, ni Jumapili ya pili ya Mei. Kila mwaka nakula kwa huyu, nakula kwa yule, amani. Mwaka huu tarehe kumi ndiyo Jumapili yenyewe!

—Weee! Wakili alishika kichwa.

—Na wote wamesema saa saba mchana niwe mezani. Mama havuki daraja, anasema siku yake yeye hufuatwa, hafuati. Mke wangu Noemí naye ana mtoto wa miezi minne, ndiyo mara yake ya kwanza kuwa mama siku hiyo. Nikikosa, nitahamia humu kwenye matairi.

Gurgen alicheka mpaka akakohoa.

—Siku moja tu mnatoana roho! Sisi kwetu tunaanza na wanawake tarehe nane Machi, tunamaliza na akina mama tarehe saba Aprili. Mwezi mzima, bwana! Maua, keki, nyimbo!

—Mwezi mzima? alisema Wakili. Ndiyo maana ulikimbilia huku!

—Acheni utani, nisaidieni, alisema Evaristo.

Wakili alisogea mbele, macho yakiwaka.

—Sikiliza, sheria naijua. Katikati ya daraja pana mstari. Unaweka meza juu ya mstari. Mama anakaa kwake, mke anakaa kwake, wewe unakula katikati.

—Na maafisa wa mpakani?

—Kwani wao hawana mama? Wape sahani!

—Meza ya nini? alidakia Gurgen. Chukua wale wapiga tarumbeta wenu wanaowaimbia akina mama alfajiri ya siku yao. Nusu dirishani kwa mama, nusu kwa mke. Kelele ile, nani atajua hupo?

—Mama yangu hunijua kwa kikohozi tu, nikiwa mtaa wa pili.

—Basi nenda kajifungishe kwa polisi leo! Wote wawili watakuja kukuona, na chakula juu!

Wakili aliruka, kahawa ikamwagikia suruali.

—Hiyo! Na mimi nitakutetea!

—Hapo nimefungwa maisha.

Yule dada alisubiri vicheko vipungue.

—Samahani, kaka zangu. Hicho chakula cha kesho, anapika nani?

Evaristo aliliacha tairi. Akakumbuka kwamba mama yake alikuwa amekwisha kuloweka pilipili za mchuzi. Akamkumbuka Noemí asubuhi ile, akikata vitunguu kwa mkono mmoja, mtoto begani.

Dada alimgeukia Gurgen.

—Na kwenu, mwezi mzima huo?

Gurgen alichungulia ndani ya kikombe chake. Wakili alitikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu.

Evaristo alijifuta mikono, akachukua simu, akapiga na kufungua spika.

—Mama? Kesho usiwashe jiko. Tutakuja wote asubuhi, na mtoto, na chakula nitapika mimi. Kisha tutarudi huku nimpikie Noemí.

Upande wa pili ulisikika mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini.

—Evaristo, mwanangu, alisema mama yake, Doña Eduviges, taratibu. Nani amekufa?

Kicheko kililipuka kitini, hata mtoto wa yule dada akapiga makofi. Evaristo aliziba simu kwa kiganja, akawainamia wenzake.

—Haraka, jamani! Wali unatiwa maji kiasi gani?

Wakili akamtazama Gurgen. Gurgen akamtazama Wakili.